Siku 30 bila sembe

Mwezi wa kula vyakula vizima, yaani visivyokobolewa wala kusindikwa kiwandani, huharibikia saa 4 usiku, pale mtu anapokwenda kulala bila kuloweka maharage. Jioni ya kesho yake njaa imemkaba, maharage makavu yanadai saa 2 na zaidi jikoni, na kibanda cha jirani kina chapati na chipsi za moto. Nia inaishia hapo. Anayefika siku ya 30 ni yule mwenye bakuli la maji na punje ndani yake kila usiku, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye bakuli hilo.

Mipaka iwekwe kabla ya siku ya kwanza, tena iandikwe ibandikwe ukutani, maana maswali hayaishi. Kipimo ninachokitetea ni hiki: chakula kinaruhusiwa kuoshwa, kumenywa, kutwangwa, kusagwa, kukaushwa, kuchachushwa na kupikwa. Hakiruhusiwi kuondolewa pumba, kiini au nyuzinyuzi zake, wala kuongezewa sukari, rangi na vionjo vya kiwandani. Kwa kipimo hicho dona inaingia, sembe inatoka. Atta, yaani unga wa ngano nzima, inaingia, unga mweupe wa ngano unatoka pamoja na maandazi, mkate na tambi zake. Chungwa linaingia, juisi inatoka, hata uliyoikamua mwenyewe, kwa sababu umeacha nyama ya tunda kwenye chujio na kunywa sukari ya machungwa 4 kwa mkupuo mmoja. Mtindi usio na sukari unaingia. Asali inatoka kwa mwezi huu. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa kiwandani yanatoka. Mawese mekundu au alizeti iliyokamuliwa na kuchujwa tu yabaki, kijiko 1 cha chakula kwa mtu kwa siku, na utamu mwingine wa mboga utoke kwenye nazi, karanga na ufuta. Chumvi ibaki ile yenye madini joto. Wapo wanaohamia chumvi ya mawe wakidhani ni ya asili zaidi, kumbe wanaacha kinga ya goita.

Marekani kuna utaratibu wa siku 30 uitwao Whole30, ulioanzishwa mwaka 2009 na Melissa na Dallas Hartwig, na wengi huuchukua mtandaoni kama ulivyo. Unakataza nafaka zote, karibu jamii yote ya kunde, na maziwa. Kwa mlaji wa Dar es Salaam au Mwanza, ukiondoa mahindi, mtama, ulezi, kunde na maharage umeondoa chakula chenyewe. Inabaki nyama, mayai na mboga, kwa gharama ambayo nyumba nyingi hazimudu hata wiki 1. Sioni sababu ya kuiga katazo hilo. Nafaka isiyokobolewa pamoja na kunde ndiyo nguzo ya mwezi huu.

Sasa mahindi, na hapa nitakaa kidogo.

Watu husema dona ni salama kwa sababu haijaguswa. Si kweli kila mara. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zilezile ambazo mashine ya kukoboa huzitoa. Mwenye mahindi yaliyovunda akila dona anakula sumu nyingi kuliko anayekula sembe ya mahindi hayohayo. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 watu wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kabla ya kusaga, mwaga mahindi kwenye ungo mahali penye mwanga wa jua, uchambue kwa mkono: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye doa la kijani, jeusi au la kijivu, na zile nyepesi zilizosinyaa. Usiwape kuku ulichokitoa. Sumu hiyo inawadhuru na wao.

Kupima kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko 2 vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka chini yote, nenda mashineni.

Mtu mzima anayekula ugali mara 1 kwa siku humaliza gramu 200 hadi 250 za unga kwa siku, kwa hiyo mwezi ni kilo 6 hadi 7.5. Usisage zote mara moja. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa na kukutana na hewa na joto la pwani huanza kuharibika. Baada ya wiki 3 au 4 unga unakuwa na uchungu mwishoni mwa ulimi na harufu ya mafuta ya zamani. Sembe hukaa miezi kwa sababu kiini chake kimekwenda na pumba. Saga kila baada ya wiki 2. Mashineni omba chekeche laini, na kilo ya kwanza inayotoka isichanganywe na nyingine, kwa kuwa huchanganyika na masalia ya aliyetangulia. Kosa ninaloliona likirudiwa sana ni kuufunga unga ungali moto ndani ya ndoo: unatoa jasho, unashika mabonge, na baada ya siku 5 una kuvu. Utandaze kwenye kitambaa safi mpaka upoe kabisa, ndipo ufunike.

Kusonga dona kuna namna yake. Kwa watu 4 chukua maji lita 1.5 na unga gramu 750. Koroga gramu 150 za unga kwenye nusu lita ya maji baridi, mimina kwenye lita 1 inayochemka, koroga mpaka uji urudi kuchemka, uache utokote dakika 7. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Pumba hunywa maji polepole, kwa hiyo uji wa dona huonekana mwepesi mwanzoni, mpishi anaongeza unga, na ugali ukipoa unakuwa mgumu kama tofali. Vumilia. Tia unga uliobaki kwa mafungu 3, ukisonga kila fungu mpaka lishikane, punguza moto, funika dakika 5, songa tena. Ukisikia chengachenga kwenye meno haujaiva. Ugali wa dona usioiva ndio unaojaza watu gesi, wakaondoka wakisema tumbo lao halipatani na dona.

Bakuli la usiku, basi. Maharage ya aina ya figo, mekundu au ya madoa, yaoshwe, yalowekwe kwenye maji mara 3 ya ujazo wake kwa saa 8 hadi 12, na kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita kinasaidia ganda kulainika. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, na uyachemshe kwa moto mkali dakika 10 kamili bila kupunguza. Dakika hizo zina kazi: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na joto la uvuguvugu haliivunji. Ndiyo maana kuyaweka mabichi kwenye chupa ya chai usiku kucha, au kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo, ni hatari. Baada ya hapo yaendelee kwa moto wa kawaida saa 1 hadi 1.5, au dakika 20 kwenye sufuria ya presha.

Nyanya, ukwaju na limau visiguse sufuria mpaka maharage yalainike, la sivyo ukali wake utaliacha ganda gumu hata upike mpaka jioni. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1, na vitamini hiyo ni moja ya sababu za kuacha kukoboa. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Java, kisiwa cha Indonesia, miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na waliorudishiwa mchele wenye pumba wakapona. Baadaye ikajulikana kwamba kilichopotea ni B1, na mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtu anayeacha sembe kisha akamimina magadi kwenye maharage anatoa kwa mkono wa kushoto alichopokea kwa wa kulia. Maharage yasiyolainika kabisa baada ya saa 3 ni ya zamani. Badili duka.

Siku uliyosahau kuloweka, pika choroko: dakika 35 hadi 40 bila kulowekwa. Dengu zilizopasuliwa ni haraka zaidi. Weka kilo 1 ya choroko kama akiba ya dharura, na mwezi wako umepona nusu. Makande ya mahindi yasiyokobolewa ni kinyume chake. Hata yaliyolowekwa hula saa 3 za moto, na kwa mkaa hiyo ni gharama halisi, kwa hiyo yapikwe mara 1 kwa wiki, sufuria kubwa.

Wiki moja ya mtu mzima mmoja, kwa makadirio: dona kilo 1.5, ulezi au mtama nusu kilo, viazi vitamu, ndizi za kupika au magimbi kilo 2, maharage na kunde gramu 700 zikiwa kavu, karanga gramu 300, nazi 2 au 3, dagaa wakavu gramu 250, mayai 6, na mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja. Gramu 400 ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Fungu la mchicha likishatolewa mizizi na mashina magumu hubaki kama nusu ya uzito wake, kwa hiyo nunua mara 2 ya unachokiona kinatosha.

Pika maharage ya siku 3 kwa pamoja, lakini yaachwe chukuchuku. Usiyaunge yote kwa nazi. Chakula chenye tui huchacha haraka. Sufuria ya maharage ya nazi iliyolala nje ya friji usiku wa Februari Dar es Salaam, asubuhi ina povu. Gawa: ya leo yaunge, mengine yaingie kwenye friji yakishapoa, au kama huna friji pika ya siku moja tu. Tui nalo lina adabu yake. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kuivishia. Tui zito litiwe mwishoni, moto mdogo, sufuria wazi, ukikoroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka, kisha epua. Likichemshwa kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unakuwa na punjepunje.

Karanga zichambuliwe kama mahindi, na kwa sababu ileile. Nunua nzima, saga mwenyewe. Za kusagwa sokoni zimeficha zilizooza. Dagaa wavunjwe vichwa ili kupunguza uchungu, waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara 3 au mpaka mchanga usionekane chini ya bakuli. Muhogo mchungu usiingie kwenye mwezi huu kama huna uzoefu nao: usipolowekwa siku 3 na kukaushwa sawasawa unabaki na sianidi, na ugonjwa wa konzo uliopoozesha miguu ya watu huko Kongo na, miaka ya 1980, mkoani Mara, ulitokana na njia hiyo ya mkato. Kisamvu kitwangwe hasa, kichemshwe kwa maji mengi bila kufunika.

Wiki ya kwanza tumbo litajaa. Bakteria wa utumbo wanapokea nyuzinyuzi nyingi kuliko walivyozoea, wanazichachusha, na gesi ndiyo matokeo. Njia ya kulizuia ni kuanza wiki 1 kabla ya siku ya kwanza: nusu dona nusu sembe, maharage nusu bakuli kila siku badala ya bakuli 2 siku ya Jumamosi tu. Maji yaongezwe, maana pumba bila maji hufunga choo, na watu hushangaa kwa nini wamekula nyuzinyuzi wakafunga. Gesi ikizidi, tumia choroko na kunde kwa siku chache badala ya maharage, na uji wa kuchachusha badala ya usiochachushwa. Uji huo ni rahisi: unga wa ulezi kikombe 1, maji vikombe 2, kijiko cha uji wa jana uliochacha, funika kwa kitambaa saa 24, kisha upike na vikombe 3 vingine vya maji. Uchachu hupunguza pia kile kinachozuia mwili kuchukua chuma na zinki ya nafaka. Kwa jambo hilohilo, kamulia limau kwenye mboga za majani, na chai ikae mbali na mlo angalau saa 1.

Kichwa kuuma siku ya 2 na ya 3 mara nyingi ni kahawa au chai iliyokatwa ghafla, si sukari. Hakuna anayekulazimisha kuacha chai. Inywe bila sukari, na iliki, tangawizi na mdalasini vilivyopondwa vizuri. Ulimi unazoea baada ya siku 10 hivi, na ukizoea, ndizi mbivu inakuwa tamu kupita ulivyoikumbuka.

Vitu vilivyojificha ndivyo vinavyovunja masharti bila mtu kujua. Vidonge vya mchuzi, unga wa mchuzi wa pakiti, nyanya za kopo zenye sukari, tui la boksi lenye viongeza, siagi ya mimea, bizari iliyochanganywa unga wa mahindi, ubuyu wa rangi. Lishe ya watoto ya pakiti iliyoandikwa "asilia" nayo isomwe nyuma: sukari hujificha kwa majina ya glukosi, siropu na maltodekstrini. Pengo la ladha ya kidonge cha mchuzi huzibwa vizuri na vitunguu vilivyokaangwa taratibu dakika 15 kwa kijiko cha mafuta, dagaa wachache waliosagwa, na kitunguu saumu kinachotiwa mwishoni.

Kwa mama lishe agiza ndizi au viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchoma, mchicha, parachichi. Sehemu nyingi sasa zina dona ukiuliza mapema. Mfukoni kuwe na karanga, tende, ndizi. Mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma yako kila kituo cha daladala.

Kuna watu ambao nasema wazi wasianze bila kuzungumza na daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari: akiacha soda, mkate na sembe kwa siku moja huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mwenye figo dhaifu, kwa kuwa maharage, ndizi na viazi vina potasiamu nyingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana majani ya kijani yakiongezeka ghafla yanapunguza nguvu ya dawa. Mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe kabisa kwenye masharti haya. Tumbo lake dogo hujaa pumba kabla hajapata nishati ya kutosha. Na mwanamke anayeweza kupata mimba ajue kwamba tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa viwandani uongezwe virutubishi, ikiwemo asidi ya foliki, na dona ya mashine ya mtaani haina nyongeza hiyo. Kama yuko kliniki, vidonge viendelee.

Kuhusu uzito. Kilo 1 au 2 za wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa ni maji, kwa sababu chumvi ya vyakula vya pakiti imepungua. Kinachofuata ndicho cha kweli, na kinaenda polepole. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa ndani wiki 2 wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki 2 wakila visivyosindikwa, wote wakiruhusiwa kula mpaka washibe. Kwenye vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi zaidi. Hilo la kasi ndilo ninaloliona kubwa: dona, kunde na muwa vinatafunwa, na kutafuna kunampa mtu muda wa kushiba. Pima kiuno kwa futi ya fundi kila Jumatatu asubuhi, na presha saa ileile ukiwa umekaa dakika 5. Kipimo cha HbA1c usikirudie siku ya 31. Kinaonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi 2 hadi 3, na mwezi mmoja utaonekana nusu tu.

Siku ya 31 usirudishe kila kitu kwenye sinia moja. Rudisha aina 1, kaa nayo siku 3, angalia tumbo, usingizi na njaa ya saa 5 asubuhi, kisha nyingine. Anza na wali mweupe, ambao wengi wameukosa kuliko vyote, kisha chapati. Sukari ya chai iwe ya mwisho, ikiwa bado unaitaka. Uji wa ulezi na bakuli la kuloweka usiviondoe jikoni. Vimeshapata nafasi yake, na punje za kesho zinahitaji maji usiku huu.